Nyumba Iliyo Juu ya Magurudumu



Konokono hubeba nyumba yake mgongoni. Hafiki mbali upesi, lakini kila afikapo, amefika kwake. Wapo pia wanadamu waliotamani kusafiri kwa namna hiyo: wafunge nyumba nyuma ya motokaa, waivute nchi kwa nchi, na jioni walale kitandani mwao wenyewe, pasipo kubisha hodi kwa mtu. Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya watu hao, juu ya njia mbaya walizozipita, na juu ya mambo yaliyowavunjikia njiani.

Msituulize, «Mambo hayo yatuhusu nini, sisi tusio na nyumba ya alumini?» Ni nani kati yetu asiyejua kuishi njiani? Tumeketi juu ya magunia ya kamyo siku nne kwa safari ya siku moja. Tumepika ugali kando ya daraja lililovunjika. Tumewalaza watoto chini ya turubai huku mvua ikinyesha. Mwenye nyumba ya magurudumu na mwenye kuketi juu ya magunia hukutana katika tope lile lile, na tope halimwulizi mtu amevaa nini.

Mchunga kondoo na mkewe

Habari hii yaanza na mtu mmoja wa Marekani, jina lake Wally Byam, aliyezaliwa mwaka 1896 katika jimbo la Oregon. Alipokuwa kijana alichunga kondoo, akakaa katika kigari kidogo kilichokokotwa na punda. Ndani ya kigari hicho mlikuwa na jiko la mafuta, chakula, maji, ndoo ya kunawia, na matandiko. Basi, hayo tu. Lakini alikuwa na nyumba yake popote kondoo walipokwenda, wala hakuisahau siku zote za maisha yake.

Baadaye akaoa. Alipenda kwenda kulala porini katika hema, lakini mkewe, Marion, hakupenda kulala chini na kukosa jiko. Wanaume wengine wangefanya ugomvi. Byam alichukua chasisi ya motokaa ya Ford, akajenga juu yake kibanda kidogo chenye mahali pa kulala na mahali pa kupikia. Wengine wakakiona, wakataka cha namna hiyo. Hivyo ndivyo kazi yake ilivyoanza. Na mwaka 1936 kampuni yake, iitwayo Airstream, ilitoa trela ya kung'aa iliyoitwa Clipper, yenye umbo la yai, ambayo mabati yake ya alumini yalishikwa kwa ribiti kama mwili wa ndege. Twaona, basi, kwamba nyumba ile iliyosifiwa ulimwenguni ilianza kwa neno la mwanamke aliyesema wazi jambo lisilomfaa, na kwa mume aliyemsikiliza. Shikeni neno hilo, kwani tutalirudia.

Mwaka 1951 Byam aliongoza msafara wake mkubwa wa kwanza, kutoka Marekani kwenda Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Trela 63 ziliondoka. 14 tu ndizo zilizoikamilisha safari. Katika nchi yao watu wale walikuwa wamezoea barabara za lami. Huko walikuta vumbi, mawe, mito isiyo na madaraja, na milima inayotaka gari lenye moyo. Byam alijifunza kwa hasara ile. Tangu hapo kila msafara ulikuwa kwake kama shule: kilichovunjika njiani kilipaswa kutengenezwa kwa nguvu zaidi kiwandani.

Kutoka Cape Town mpaka Kairo

Mwaka 1959, mwaka mmoja kabla Kongo haijapata uhuru wake, Byam alileta msafara wake katika Afrika. Trela 41 na watu wapatao 106 waliondoka Cape Town, nia yao kufika Kairo. Hata ndege ikiruka moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili, itapita zaidi ya kilometa 7,000. Na barabara, kama mjuavyo, hairuki moja kwa moja. Walipita Rhodesia, wakaingia Kongo, wakaenda Uganda na Kenya, wakapanda milima ya Ethiopia, ambako Mfalme Haile Selassie aliwapokea. Mwisho wake, mwaka 1960, nyumba zile za alumini zilisimama mbele ya piramidi za Misri. Wengi wa wasafiri wale hawakuwa vijana. Walikuwa watu waliokwisha kustaafu kazi, wazee wenye mvi, ambao wangeweza kuketi barazani kwao wakinywa kahawa.

Twaweza kufikiri mioyo yao ilikuwaje walipoiacha lami na kuonja udongo mwekundu. Motokaa yenye trela si motokaa moja tena. Ni wanyama wawili waliofungwa pamoja, na kila mmoja ana nia yake. Wa mbele ateleza upande huu, wa nyuma upande ule. Penye tope, wa mbele amekwisha kutoka, wa nyuma ndiyo kwanza aingia, naye amrudisha mwenzake.

Sisi tuliokulia kando ya barabara za namna hiyo twajua jambo moja ambalo vitabu vya safari hulisema kwa maneno machache. Gari kubwa halitoki katika tope la Kongo kwa nguvu za injini peke yake. Hutoka kwa mikono ya watu wa kijiji cha karibu, wenye majembe, kamba, na matawi ya miti. Jina la mwenye gari huandikwa kitabuni; majina ya wenye kamba hayaandikwi. Mwenye busara, kabla ya kuondoka, hulipa kwa haki, hushukuru kwa jina, na hukumbuka kwamba huenda akarudi kwa njia ile ile.

Kwa nini nyumba huvunjika

Sasa tuinamishe vichwa chini ya trela, tutazame. Wasafiri wengi hudhani gari huharibiwa na shimo kubwa. Shimo kubwa huonekana, na dereva hupunguza mwendo. Kiharibucho zaidi ni yale matuta madogo yaliyolala mstari kwa mstari kukata barabara, kama mawimbi ya ziwa au kama bati la nyumba. Matuta hayo hayatengenezwi na mtu. Wataalamu walizungusha gurudumu juu ya mchanga mkavu katika duara, wakaona kwamba mwendo ukipita kiasi fulani mawimbi hujitokeza yenyewe, hata kama gurudumu halina springi. Mwendo ukiwa chini ya kiasi hicho, mchanga hubaki sawa. Basi tunapoyalaani matuta, tukumbuke kwamba yamechongwa na haraka yetu wenyewe.

Mtikiso huo haukomi tangu asubuhi mpaka jioni. Parafujo za kabati hulegea. Milango hufunguka, sahani hupasuka, unga humwagika juu ya matandiko. Nati za magurudumu nazo hulegea. Kwa hiyo gurudumu likiisha kufungwa upya, na likazwe tena baada ya mwendo wa kilometa 50 hivi, hata kama fundi ameapa kwamba amekaza sana.

Springi, au resori kama wasemavyo mafundi wetu wa Kongo, ni mabamba ya chuma yaliyolaliana na kufungwa pamoja kwa bulo moja katikati. Vifungo viishikavyo springi kwenye ekseli vikilegea, bulo lile dogo huachiwa kubeba peke yake mzigo usio wake, nalo hukatika. Ekseli husogea, gurudumu husugua mwili wa trela, na safari imekwisha. Jambo lote lilikuwa la dakika 5 na ufunguo mmoja asubuhi. Bamba likivunjika porini, madereva wetu hukata gogo gumu, hulipachika kati ya ekseli na chasisi, hulifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, kisha huenda polepole mpaka mjini. Si ufundi wa shuleni, lakini umefikisha wengi.

Beringi za magurudumu hudai grisi. Dawa yake ni mkono wako: kila msimamapo, gusa kitovu cha kila gurudumu. Kikiwa na joto kidogo, si kitu. Kikiwa cha moto hata usiweze kuacha mkono wako juu yake, usiendelee.

Kuhusu mzigo, kanuni ni nyepesi. Sehemu ya uzito wa trela iegemee kwenye kiungo cha kukokotea: kwa trela ya kilo 1,500 yafaa kilo 150 mpaka 225 ziegemee hapo. Ukirundika mizigo mizito nyuma, trela huanza kutikisa mkia, kwanza kidogo, kisha sana, mpaka imtupe anayeivuta. Ikianza kutikisika hivyo, usikanyage breki kwa nguvu wala usiongeze mwendo. Ondoa mguu taratibu kwenye mafuta, shika usukani wima, uiache ipoe yenyewe.

Na ukikwama topeni, usizungushe magurudumu kwa hasira, kwani kila mzunguko ni jembe lichimbalo kaburi la gari. Fungua trela kwanza. Chimba mbele ya magurudumu ya motokaa, tia matawi na mawe, uitoe peke yake mpaka penye udongo mgumu. Kisha, ukiwa hapo, ivute trela kwa kamba ndefu au kwa waya wa chuma, na watoto wasimame mbali, kwa sababu waya ukikatika hupiga kama upanga.

Jambo tuliloliona wenyewe

Miaka kadhaa iliyopita tulisafiri pamoja na jamaa ya mwalimu mmoja aliyehamishwa kituo. Alikodi kamyoneti iliyokokota remoki ya magurudumu mawili, akaiendesha mwenyewe. Juu ya remoki walipakia vyote walivyokuwa navyo: kitanda, cherehani ya mama, masufuria, magunia, na kuku katika tenga. Ilikuwa nyumba nzima, ila haikuwa na kuta. Wana wao wawili waliomba kuketi juu ya mzigo ili waione njia. Baba akakubali. Katika kijiji tulipopumzika mama akawashusha, akawaingiza ndani ya kamyoneti pamoja nasi, ingawa walinuna.

Tulipoendelea kidogo, mama alisema, «Baba watoto, nasikia harufu ya grisi iunguayo. Tusimame.»

Mume alijibu, «Mama, ni moshi wa mashamba. Kivuko kiko mbele kilometa 20; tukisimama, kitatuacha, nasi tutalala ng'ambo hii.»

Mama akanyamaza. Baada ya muda akasema tena, kwa sauti ya chini, «Harufu hii si ya mashamba.» Safari hii hakujibiwa.

Tulisikia kishindo nyuma yetu. Tulipogeuka, gurudumu la remoki lilikuwa likitupita upande wa kushoto, likikimbia peke yake kama mbuzi aliyekata kamba, likaingia vichakani. Remoki ililala ubavu, ikaburuta, ikapinduka mtaroni. Kitanda kilivunjika. Cherehani ilianguka chini ya magunia. Pale walipokuwa wameketi wale watoto wawili, palikuwa na chasisi.

Hatukusema neno. Mwalimu alishuka, akazunguka remoki, akarudi, akaweka mikono yake juu ya vichwa vya wanawe, mmoja huku na mmoja huku, akakaa hivyo kitambo.

Tulikaa pale siku mbili. Watu wa kijiji walitusaidia kuinua mzigo. Wakatuletea mihogo na samaki, wala hawakutaja bei. Fundi alikuja kwa baiskeli, akiwa na beringi kuukuu katika mfuko wake, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaipaka grisi, akaitia. Usiku wa pili, tulipokuwa tukiota moto, mwalimu alimwambia mkewe mbele yetu sote, «Mama watoto, pua yako iliona mbali kuliko macho yangu. Ulisema mara mbili. Nisamehe.» Mama akasema tu, «Kesho tutasimama kila penye kijiji, tuyaguse magurudumu.» Na ndivyo tulivyofanya. Tulikiwahi kivuko cha siku ya tatu, na cherehani, baada ya kunyooshwa kidogo, ilishona tena.

Kukaa ndani ya nyumba ndogo

Kuharibika kwa chuma si kuharibika kwa pekee. Tieni watu wawili, au wanne, katika chumba chenye urefu wa hatua sita, mvua inyeshe siku tatu, springi iwe imevunjika na nyingine isifike. Hapo mtajua kilichomo mioyoni mwao. Waliozoea maisha hayo husema kwa kinywa kimoja kwamba nyumba ndogo hudai taratibu kuliko kubwa. Kila kitu kina mahali pake, nacho hurudishwa mahali pake, hata usiku wa giza mkono ukipate. Kila mtu ana kazi yake, hata mtoto: huyu huchota maji, huyu huweka jiwe nyuma ya gurudumu, huyu huhesabu vijiko kabla ya kuondoka. Maji hupimwa, nayo ya kunywa huchemshwa kila mahali usipokijua kisima. Na mwenye hasira apewe ruhusa ya kwenda kutembea, pasipo kuulizwa aendako.

Twaongeza onyo moja, nalo si la mchezo. Msiingize jiko la makaa ndani ya trela, wala ndani ya kamyo iliyofunikwa turubai, ati kwa ajili ya baridi ya usiku. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu hulala, asiamke tena. Pikeni nje. Na jiko la gesi lizimwe kwenye chupa yake kabla ya kulala na kabla ya safari. Jamaa nyingi zimepoteza watu wao kwa njia hiyo bila kelele yoyote.

Mwendo wa yule wa mwisho

Katika msafara wenye akili, anayeamua mwendo si yule mwenye gari jipya aliye mbele. Mwendo huamuliwa na gari dhaifu kuliko yote, na fundi husafiri nyuma kabisa, kwa sababu walioharibikiwa wako nyuma, hawako mbele. Fundi akitangulia, kila gari lililovunjika humwona mgongo wake tu. Na kila dereva hutazama katika kioo chake: asipomwona amfuataye, husimama. Aliye mbele yake naye hukosa kumwona yeye, husimama vilevile. Hivyo habari ya aliyekwama hufika mbele pasipo mjumbe.

Katika nchi yetu barabara nyingi za udongo zina vizuizi vya mvua: mvua ikinyesha, mti hushushwa, na magari mazito hungoja udongo ukauke. Madereva hununa, hupiga honi, na wengine hutafuta njia ya kumlainisha mlinzi. Lakini lori moja likipita juu ya udongo uliolowa, lachimba mifereji miwili ambayo itawanasa mia watakaolifuata, na kati yao huenda mna gari la mgonjwa aendaye hospitalini. Saa chache za kungoja kizuizini nazo ni kumngoja yule wa mwisho, hata kama hatumwoni.

Wally Byam alifariki mwaka 1962. Trela za namna yake zingali zatengenezwa, na watu wangali wasafiri nazo, wengine katika barabara nzuri, wengine katika mbaya. Sisi hatudhani kwamba wengi wa wasomaji wetu watanunua moja. Lakini kila jamaa ni nyumba iliyo safarini. Mtoto asiyeshika masomo, bibi asiyeona vizuri, mama mwenye mimba, ndugu aliyepoteza kazi: hao ndio gari la nyuma. Mkipanga safari, mkipanga matumizi ya fedha, mkiamua kuhama au kubaki, tazameni kwanza katika kioo.

Na wewe, baba uliyeshika usukani, mkeo akikuambia kwamba asikia harufu ya grisi, usimjibu habari za kivuko. Simama, ushuke, uguse gurudumu. Likiwa baridi, umepoteza dakika 2 tu, na watoto wamepata nafasi ya kunyoosha miguu.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kufunga mizigo kwa safari ya kivuko.